Picha safi ya retina kwa wagonjwa wazee: anzia mbele ya jicho

Picha ikitoka na ukungu, wengi hukimbilia kuongeza flashi. Kwa mgonjwa mzee hilo mara nyingi huzidisha ukungu, kwa sababu kizuizi kiko mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga): machozi, mboni au lenzi ya jicho. Shughulika navyo kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: Uso wa jicho. Safisha kwanza lenzi ya kamera. Doa linalojirudia mahali palepale kwa kila mgonjwa ni vumbi, si ugonjwa. Macho ya wazee hukauka upesi, kwa hiyo apepese mara mbili tatu kabla ya kila picha. Kipimo cha presha ya jicho kinachogusa konea (kioo cha mbele ya jicho) kifanyike baada ya picha.

Hatua ya 2: Mboni. Zima taa, subiri dakika kama 5. Mboni ikibaki ndogo, tropikamidi ya asilimia 1 huipanua ndani ya dakika 20 hadi 30. Usiitie kabla pembe ya jicho (kati ya konea na irisi, maji ya jicho yanapotokea) haijakaguliwa, maana penye pembe nyembamba dawa hiyo yaweza kuzusha shambulio la glakoma, yaani presha ya jicho kupanda ghafla. Usipotumia dawa, kumbuka flashi ya jicho moja hubana mboni zote mbili. Mpe muda kabla ya kuhamia jicho la pili.

Hatua ya 3: Mkao. Shusha meza mpaka shingo isijikaze. “Mzee, kidevu hapa, paji la uso liguse ukanda.” Inatosha.

Hatua ya 4: Mahali pa kutazama. Hapa ndipo picha nyingi za ugonjwa wa makula (sehemu ya katikati ya retina) huharibika. Tunamwambia mgonjwa atazame nukta ya katikati, ilhali katikati ndiko asikoona! Tumia taa ya kulenga iliyo nje ya kamera, aifuate kwa jicho lingine. Kama nalo halioni vizuri, anyooshe mkono wake na kuelekeza macho kwenye kidole gumba chake. Hata asipokiona, anahisi kilipo, na jicho hutulia.

Hatua ya 5: Mtoto wa jicho. Punguza flashi, kisha sogeza kamera kidogo kidogo kushoto au kulia utafute upenyo kwenye lenzi yake. Umbo jeupe kama mwezi mwandamo likitokea pembeni mwa picha, rekebisha umbali na uelekeo wa kamera.

Hatua ya 6: Fokasi. Lenga mishipa midogo iliyo karibu na makula. Druzeni (madoa ya manjano chini ya retina) huitwa kubwa ikifika maikromita 125, takriban upana wa vena (mshipa unaorudisha damu) inapovuka ukingo wa kichwa cha neva ya jicho. Kingo za vena hiyo zisipoonekana wazi, hakuna atakayepima druzeni kwa uhakika. Rudia mgonjwa akiwa bado kitini.

Picha ikikataa kabisa, andika sababu kwenye faili na umpeleke kwa daktari wa macho achunguzwe moja kwa moja. Usiandike “hakuna tatizo” juu ya picha isiyosomeka.