Kuondoa miangwi ya kurudia kwenye data za mtetemo za Ziwa Nyasa

Ili kupiga picha ya miamba iliyo chini ya ziwa, hutumika bunduki ya hewa, chombo kinachotoa mlipuko wa hewa majini. Ukiipiga, sauti hushuka, hugonga sakafu na kurudi. Haiishii hapo: uso wa maji huisukuma tena chini karibu yote, nayo hugonga sakafu mara ya pili, ya tatu. Kwenye picha ya tabaka za miamba, mwangwi huo wa kurudia hujionyesha kama tabaka halisi. Anayechora nyufa za bonde la ufa chini ya milima ya Livingstone anaweza kuchora kitu kisichokuwepo, na ramani hizo ndizo tunazozitegemea kuelewa matetemeko kama yale ya Karonga, Malawi, ya Desemba 2009.

1. Piga hesabu kabla ya kufungua programu. Kasi ya sauti majini ichukulie mita 1,500 kwa sekunde. Penye kina cha mita 450, sakafu itaonekana kwenye sekunde 0.6 (kwenda na kurudi), na marudio yake kwenye 1.2, kisha 1.8. Weka alama nyakati hizo. Angalia na mwelekeo wa wimbi: kila linapogonga uso wa maji hugeuka, kilima kikawa bonde. Tena, sakafu ikiinama, kama inavyofanya upande wa Livingstone, marudio ya kwanza huinama karibu mara mbili yake. Ukiona tabaka lenye mwinamo huo, lishuku.

2. Maji mafupi, upande wa tambarare ya Kyela. Hapa marudio hufuatana haraka na kwa mpangilio, kwa hiyo dikonvolusheni ya kutabiri, yaani kichujio kinachokisia marudio kutokana na kipindi chake na kuyatoa, inatosha. Kwa kina cha mita 30 marudio huja kila sekunde 0.04. Katika Seismic Unix, programu ya bure ya kuchakata data za mtetemo, hakikisha kipindi hicho kwa amri ya suacor, inayolinganisha wimbi na lenyewe, kisha tumia amri ya supef, inayofanya dikonvolusheni hiyo, minlag (muda ambao kichujio huanzia kutabiri) ikiwa chini kidogo ya 0.04.

3. Maji marefu. Dikonvolusheni hapa haifai sana, maana kipindi hubadilika kadiri hidrofoni (maikrofoni ya majini) inavyokuwa mbali na bunduki. Mimi huanza na njia iliyokuzwa Delft, Uholanzi: data inakunjwa na data yenyewe (hesabu iitwayo convolution) ili kutabiri marudio yote yaliyopitia uso wa maji. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua kasi ya miamba. Sharti lake ni kujaza kwanza trasi (rekodi za hidrofoni mojamoja) zinazokosekana karibu na bunduki. Usipozijaza, utabiri unaharibika. Utabiri ukishapatikana, unalinganishwa na data kwa kichujio kifupi, ndipo unatolewa.

4. Mabaki. Sahihisha ucheleweshaji unaotokana na umbali wa hidrofoni kutoka kwenye bunduki, kwa kasi ya sauti katika tabaka halisi. Miangwi halali itanyooka. Ya kurudia, iliyosafiri majini kwa kasi ndogo, itabaki imepinda kuelekea chini. Badiliko la Radoni, hesabu inayopanga miangwi kwa kiasi cha mpindo wake, huitenganisha. Kwenye trasi za karibu mpindo huo ni mdogo mno, kwa hiyo usilitegemee peke yake.

5. Tazama ulichotoa. Hatua hii wengi huiruka, nami naisisitiza kuliko zote. Toa data mpya kwenye ile ya zamani, uchapishe tofauti peke yake. Ndani yake yaonekane marudio tu, kwenye nyakati ulizozipigia hesabu. Ukiona humo tabaka linaloendelea vizuri nje ya nyakati hizo, au ufa uliokatika safi, umetoa mwamba wa kweli: fupisha kichujio cha hatua ya 3, panua dirisha lake la muda (kipande cha data kinacholinganishwa kwa mara moja), urudie kutoka hapo.