Mnyororo wa kwanza ufume kwa sindano kubwa

Nimemfundisha jirani kufuma kroshia wiki hii, na kitambaa chake kilikuwa kinajikunja kama upinde. Dawa yake: mnyororo wa mwanzo, yaani ule mstari wa kwanza wa vitanzi, ufume kwa sindano kubwa kidogo, milimita 5 badala ya 4, kisha mistari inayofuata urudie ile ya 4. Anayeanza huvuta uzi kwa nguvu, vitanzi vinabana, ncha ya sindano haipenyi. Sindano nene huacha nafasi, na ukingo unalala sawa. Usitumie njia hii kwa vitambaa vya duara vya makochi, maana katikati litabaki tundu. Mwenye mkono mlegevu naye abaki na sindano moja tu. Na uzi mweusi uwekeni kando kwanza, vitanzi vyake havionekani!