Bakshishi ya Hamali Bandarini: Kwa Watoto wa Tanga Mnaowapandisha Wazazi Meli ya Utalii

Ukimshusha mzazi kwenye gari mbele ya jengo la abiria bandarini Miami, Fort Lauderdale au Galveston huko Marekani, mtu wa kwanza kumfikia huwa si mfanyakazi wa meli. Ni hamali wa bandari, ana toroli kubwa la vyuma, na mkono wake umeshafika kwenye begi. Hapo wazazi wetu wengi hushtuka. Aliyezoea stendi ya Kange anajua kuwa mtu anayekushikia mzigo kabla hamjapatana atakusumbua mbele ya safari, kwa hiyo naye analing'ang'ania begi lake. Mmoja anavuta huku, mwingine kule, na wewe mtoto umebaki katikati unaomba radhi kwa lugha mbili.

Mambo haya yazungumzwe nyumbani, kabla ya siku ya safari. Sisi tuliobaki Tanga tunaulizwa sana habari hizi na wazee wanaoitwa kwenda kutembea, na wengi wao huondoka hawajui kwamba ndani ya siku hiyo moja kuna mikono miwili mitatu tofauti ya kushukuriwa, kila mmoja kwa taratibu yake.

Kwetu bei hutangulia. Ukienda kupanda boti ya Pemba una magunia mawili na ndoo, unamuuliza hamali hadi kwenye boti shilingi ngapi, anataja, unamwambia apunguze, mnakubaliana, ndipo mzigo unapanda begani. Kinacholipwa pale ni ujira. Bandari za Marekani hamali ana mshahara wake, na bakshishi ni shukrani juu ya mshahara huo. Hakuna kupatana wala kuuliza bei. Begi linapanda torolini kwanza, kisha unatoa. Mzazi asipoelezwa tofauti hii, atauliza "kiasi gani?" na hamali atajibu kwa adabu kwamba ni hiari yake. Kwa mtu wa Tanga jibu hilo ni baya kuliko bei kubwa, maana limemwacha hajui pa kusimama.

Basi ajue kiasi. Desturi iliyozoeleka huko ni dola 1 hadi 2 kwa kila begi. Begi likiwa zito la kumfanya mtu ainame mara mbili, au kuna kiti cha magurudumu cha kupakia pamoja na mizigo, watu huongeza wakafika dola 5 kwa mzigo huo. Baba na mama wenye mabegi matatu ya kawaida wakitoa noti moja ya dola 5, wametoa vizuri. Familia ya watu sita yenye mabegi manane itoe dola 10 hadi 15. Zaidi ya hapo ni ukarimu wako, na si lazima.

Utasikia watu wakisema msitoe, hao wanalipwa vizuri. Ni kweli kwamba katika bandari nyingi za pwani ya mashariki ya Marekani na za Ghuba ya Mexico, kazi hiyo hufanywa na wanachama wa International Longshoremen's Association, chama cha wafanyakazi wa bandari kilichoanzishwa mwaka 1892, na mishahara yao si ya kubahatisha. Mimi bado nasema toeni. Nimekulia mji ambao kwa miongo mingi meli zilitia nanga katikati ya ghuba na shehena ikaletwa gatini kwa matishari, ikipakuliwa kwa migongo ya watu. Nyumba nyingi za Ngamiani na Chumbageni zililishwa na kazi hiyo au na mkonge. Mtu anayenyanyua mabegi ya wageni tangu asubuhi kwenye jua la Florida namfahamu, hata kama sijui jina lake.

Ila msitoe kwa hofu. Kuna uvumi kwamba usipotoa begi lako "litapotea". Begi likishawekwa lebo na kuingizwa kwenye toroli linapita kwenye mashine ya eksirei, kisha linapandishwa melini kwa utaratibu ambao hautegemei noti yako. Akitokea mtu akakudai kwa ukali, au akakuambia begi halitafika bila pesa, usibishane naye. Mwite msimamizi wa jengo aliye karibu, umweleze.

Kuhusu hiyo lebo. Kampuni nyingi za meli hukupa uchapishe mwenyewe baada ya kujisajili mtandaoni, au hukutumia. Ina jina la abiria, jina la meli na namba ya chumba. Kama mzazi anafika kwa ndege, usiibandike kabla ya kushuka kwenye ndege, isije ikawachanganya watu wa uwanja wa ndege au ikachanika njiani. Ibandike asubuhi ya kupanda meli, ikazwe kwa stepla kwenye mkono wa begi. Hamali huwa na stepla, na mara nyingi huwa na lebo za akiba ambazo atakujazia kwa kalamu. Simama umwone akiandika namba ya chumba. Kosa la tarakimu moja linaweza kulipeleka begi la mama yako sitaha nyingine kabisa.

Halafu mwambie mzazi wazi kwamba begi hilo halioni tena kwa saa kadhaa. Linaweza kufika mlangoni mwa chumba alasiri, linaweza kufika baada ya chakula cha usiku. Pasipoti, simu na chaja yake, fedha, dhahabu, dawa za presha na za sukari, miwani, kanga ya kuswalia, vyote vikae kwenye mkoba wa mkononi. Nalisisitiza hili la dawa kwa sababu wazee wetu hupenda kuziweka chini kabisa ya begi kubwa, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine.

Shangazi yetu mmoja wa Ngamiani alichukuliwa na binti yake kwenye safari ya namna hii. Begi lilipoondoka na toroli akamshika binti mkono.

"Huyu anakwenda wapi na begi langu?"

"Analipeleka chumbani kwetu, mama."

"Chumbani ameingiaje na sisi bado tuko nje?"

Jioni mabegi mengine yalifika, la shangazi halikufika. Ilibidi washuke sitaha ya chini, kwenye chumba cha walinzi, begi likafunguliwa mbele yake. Ndani mlikuwa na chetezo cha umeme na udi wa harusi. Walichukua chetezo na udi, wakampa risiti, akarudishiwa siku ya kushuka. Hamali hakuwa na kosa lolote, na bakshishi kubwa namna gani isingelisaidia begi hilo kupita. Meli zinaogopa moto kuliko kitu kingine. Pasi, birika la umeme, mshumaa, udi na jiko dogo la umeme viacheni nyumbani. Waya wa kuongeza umeme nao mara nyingi huzuiwa. Someni orodha ya kampuni yenu kabla mama hajaanza kupanga begi, kwa sababu akishapanga hatalipangua.

Noti za bakshishi ziandaliwe mapema. Mashine za benki uwanja wa ndege hutoa noti za dola 20, na asubuhi ile foleni ya magari inasukuma nyuma yako, hakuna wa kukupa chenji. Siku moja kabla, nunua maji au vocha, omba noti za moja moja na za tano. Zikunje, zitie mfuko wa pembeni wa mkoba, si ndani ya pochi utakayolazimika kuifungua hadharani. Na ukiweza, mpe mzazi azitoe yeye. Wewe umelipa nauli, umelipa hoteli, umelipa kila kitu; baba wa miaka sabini anachoka kuwa mgeni wa mwanawe kila hatua. Akimpa hamali noti kwa mkono wake wa kulia, akamwambia asante kwa Kiswahili, ameelewana naye vizuri kabisa.

Sasa mkono wa pili. Bakshishi ya hamali wa bandarini haihusiani na bakshishi ya melini. Ndani ya meli, kampuni kubwa za Marekani hukata fedha ya wahudumu kila siku, kwa kila mtu, watoto wakiwemo. Kwa vyumba vya kawaida hukaribia dola 16 hadi 20 kwa siku, na vyumba vya kifahari huzidi. Kwa wazee wawili na safari ya siku saba hiyo ni zaidi ya dola 220, kwa hiyo ingizeni kwenye hesabu ya safari tangu mwanzo, mkijua pia kwamba kampuni nyingi huruhusu ilipwe pamoja na nauli. Fedha hiyo hugawanywa kwa mhudumu wa chumba, wahudumu wa mezani na wengine wa nyuma ya pazia. Hamali wa nje hapati hata senti yake. Mhudumu wa chumba akimhudumia mzazi kwa namna ya pekee, akambebea maji ya moto kila alfajiri kwa mfano, dola 10 au 20 mkononi siku ya mwisho inapendeza, ingawa ameshahesabiwa. Wahudumu hao wametoka mbali na kwao kama ninyi. Wengi ni Wafilipino, Waindonesia na Wahindi, na siku hizi utakutana na Wakenya pia.

Usiku wa mwisho mabegi huwekwa nje ya mlango wa chumba na lebo mpya za rangi, na asubuhi mnayakuta yamepangwa chini kwenye jengo kwa rangi hizo. Hapo mahamali wapo tena. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kumchukua hamali wakati wa kushuka kuna faida kuliko wakati wa kupanda: anapakia mabegi yote, anawapitisha kwenye ukaguzi na kuwafikisha hadi kwenye gari. Toeni kiwango kilekile au zaidi kidogo, maana safari hii ametembea nanyi. Na mzazi asibebe tunda lolote kutoka mezani melini. Watu wa forodha wa Marekani hawana masihara na matunda wala nyama.

Si kila nchi iko hivi. Southampton, Uingereza, mabegi hupokelewa vivyo hivyo, lakini bakshishi haitarajiwi. Ukitoa pauni moja mbili utashukuriwa, usipotoa hakuna anayekutazama. Baadhi ya kampuni za Uingereza zimeingiza hata fedha ya wahudumu wa melini ndani ya nauli. Barcelona, na Civitavecchia iliyo bandari ya Roma, ni karibu hivyohivyo. Japani msitoe kabisa, mtamtia mtu aibu. Ninyi mlioko Dubai mnajua wenyewe kwamba noti ya dirham 5 au 10 inapokelewa kwa furaha na haidaiwi.

Mkirudi Tanga likizo, geuzeni taratibu. Hapa patana kwanza, na umwache mwenyeji wako apatane, kwa sababu lafudhi yako ya ugenini ina bei yake. Ujira mliokubaliana ulipe wote, kisha kama amekubebea vizuri ongeza elfu moja au mbili juu, mwambie ni ya soda. Lipa kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na hata kabla ya hapo noti ya dola moja ilimsumbua hamali, maana ni ndogo mno kwa safari ya kwenda kuibadilisha. Badilisha fedha benki mjini siku ya kwanza, uombe noti za elfu mbili na elfu tano. Dola utakazobadilisha ziwe safi na za matoleo ya karibuni. Za zamani sana au zilizochanika hukataliwa, au huchukuliwa kwa bei ya kukuumiza.