Kusawazisha ofseti ya OP27 bila kuongeza kelele

Kelele ya umeme ya OP27, chipu ya kukuza ishara (op-amp), ni takriban nanovolti 3 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, ilhali rezista ya kiloomu 1 pekee hutoa takriban 4. Kwa hiyo rezista inayotoka pini ya 2 kwenda graundi iwe ya omu 100, na ile ya kurudisha ishara kutoka pini ya 6 iwe ya kiloomu 100, ili ukuzaji ufikie mara 1001.

Kwa ofseti, yaani volti ndogo inayobaki hata ingizo likiwa sifuri, wengi hufunga potenshomita (rezista inayorekebishwa kwa kuzungushwa) ya kiloomu 10 kati ya pini ya 1 na ya 8, mkono wake ukienda kwenye umeme chanya, lakini masafa yake ya urekebishaji ya milivolti 4 kila upande ni mapana mno. Mimi napendelea potenshomita ya kiloomu 1 yenye rezista ya kiloomu 4.7 kila upande, ambayo huyapunguza hadi takriban mikrovolti 280.

Unganisha ingizo na graundi, subiri chipu ipate joto lake la kawaida, kisha zungusha polepole hadi multimita kwenye tokeo isome sifuri. Funika saketi wakati huo, kwa sababu upepo ukipita kwenye maungio ya risasi ya kulehemu huzalisha mikrovolti zinazoyumba.