Kulainisha vitufe vinavyokwama katika kibodi ya zamani

Kitufe cha kibodi ya zamani ya kompyuta kinapoanza kukwama, wengi wetu hukimbilia kopo la mafuta, nalo huharibu kwa alasiri moja kifaa kilichodumu miaka thelathini. Kinachokizuia kitufe mara nyingi si ukavu, bali ni vumbi lililoshikamana na grisi iliyoganda, au soda iliyomwagika ikakauka. Ukipaka mafuta juu ya uchafu huo, unapata tope linalosaga plastiki kila unapobonyeza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu usafi.

Hatua ya 1: Tambua panapokwama. Chomoa kibodi kwenye kompyuta, piga picha ya mpangilio wa vitufe, kisha ng'oa kofia ya kitufe kwa kuivuta wima kwa kikoleo cha waya. Usiitekue upande mmoja kwa bisibisi, kwa kuwa plastiki ya umri huo hukatika upesi. Bonyeza shina la swichi, yaani kijiti kinachobaki wazi kofia ikitoka, kwa ncha ya kalamu. Likishuka na kupanda bila shida, swichi haina kosa, na unapaswa kuchunguza kofia iliyopinda au waya wa kusawazisha ulio chini ya vitufe virefu.

Hatua ya 2: Safisha. Kofia zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha zikauke siku nzima. Kwa swichi, inamisha kibodi ili uchafu utoke badala ya kuzama, dondoshea tone moja au mawili ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kando ya shina, ubonyeze mara hamsini hivi, upanguse, urudie. Asetoni usiiguse kabisa, kwa sababu huyeyusha plastiki ya ABS. Kwa uzoefu wangu, vitufe vingi hupona hapa, na kilichopona hakihitaji hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Lainisha. Tumia grisi nyepesi ya silikoni au yenye PTFE (Tefloni). Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Swichi za kampuni ya Alps hufunguliwa zikiwa palepale kwa kulegeza vibanio vyake vya pembeni, lakini zile za aina ya Cherry MX zilizobanwa kwenye bamba la chuma kwa kawaida hazifunguki mpaka uyeyushe risasi inayozishikiza kwenye bodi ya saketi, kazi ambayo simshauri mtu aianze kwa ajili ya kitufe kimoja. Ukishaifungua, paka kwa brashi ndogo ya rangi kwenye kingo za shina na kuta linamoteleza, utando mwembamba usioonekana kwa urahisi, bila kugusa vibamba vya shaba vinavyopitisha umeme.

Mahali pa kutumia grisi nzito bila woga ni ncha za waya wa kusawazisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Kibodi yangu ni IBM Model M. Je, nipake grisi kwenye kila springi?

Jibu: Hapana. Katika Model M, iliyotoka mwaka 1985, springi hupinda ghafla na kukisukuma kinyundo kidogo juu ya utando wa saketi, na mlio wake hutokana na kupinda huko. Grisi huufifisha tu. Safisha mirija ambamo vitufe huteleza, upake waya wa kitufe cha nafasi, uishie hapo.

Swali: Nilipuliza dawa ya kulegeza kutu, na vitufe vinateleza vizuri sana. Kuna ubaya gani?

Jibu: Vinateleza leo. Dawa hiyo huyeyusha grisi iliyokuwapo na kuacha unyevunyevu unaokusanya vumbi, na baadhi ya plastiki huathirika nayo. Isafishe kwa isopropili mapema, kama ilivyoelezwa katika hatua ya 2.

Swali: Baada ya kupaka grisi, kitufe kimoja wakati mwingine hakiandiki. Nimekosea wapi?

Jibu: Yaelekea grisi imefika kwenye vibamba vya shaba. Ifungue tena swichi, uvipanguse vibamba kwa karatasi laini iliyoloweshwa isopropili bila kuvikunja, uache vikauke, kisha uifunge bila kuongeza grisi nyingine.