Kuficha mvi na hina, amla na indigo ukiwa kwa nyumba

Sikizeni, hina peke yake haitoi nyeusi. Itakupa rangi ya machungwa, na kwa mvi inawaka kabisa. Kufika kwa nyeusi lazima ufuate na indigo, hiyo unga ya majani ya kijani inanuka kama mboga zimeiva. Zote ziko kwa maduka ya Wahindi hapa Nairobi, pale Ngara ama Diamond Plaza, na amla, ile unga ya tunda la Kihindi, iko hapo hapo.

Usiku chemsha strungi (chai bila maziwa) nzito, ipoe kidogo, korogea hina na kijiko mbili za amla kwa karai ya chuma, chuma ikikutana na amla inatoa weusi, halafu funika mpaka asubuhi. Vaa glavu, paka kwa nywele safi, kaa masaa matatu hivi, suuza na maji tu. Sasa indigo: koroga na maji ya vuguvugu, subiri dakika kumi na tano, ukiona juu imeanza kugeuka bluu paka haraka, kwa sababu ikikaa sana inakufa nguvu, vaa kofia ya plastiki, saa moja na nusu inatosha.

Ukiona inakaa kijani usipanik, rangi inaendelea kuiva siku mbili, shampuu iache kando kwanza.

Na piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mikono, msiweke kichwani jamani, mara nyingi iko na PPD, hiyo kemikali inachoma watu ngozi vibaya. Mafuta ya bhringraj (mmea wa Kihindi) nayo ni ya kulainisha, mvi haitarudi nyeusi, muuzaji aseme chenye anataka.