Somo: Kukaa na Gari la Spoti Malindi Bila Kuliachia Chumvi

Watu wakiniona na Roadster yangu (Mazda MX-5) huuliza kwanza habari za injini: inakwenda kasi gani, inakula mafuta kiasi gani. Injini haijanisumbua. Kilichonitoa pesa ni maji yaliyotuama mahali nisipopaona. Mwaka wa kwanza baada ya kuliteremsha gari kutoka Nairobi, fundi wa bodi alichukua bisibisi akadunga chini ya mlango, karibu na tairi la nyuma, bisibisi ikazama hadi mpini. Juu rangi inang'aa kama jana imetoka kiwandani. Nilisimama pale nikiona unga mwekundu unamwagika mchangani kama tumbaku.

Kwa hivyo anayetafuta somo la kuongeza nguvu za farasi, si hili. Hili ni la chumvi.

Gari ninalolisemea ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, ya mwaka 1999, injini ya 1.8, gia za mkono, turubai la kukunja. Kizazi cha kwanza kilitoka 1989, hiki cha pili kikauzwa kuanzia 1998 hadi 2005. Uzito wake ni tani moja na kidogo, na hapo ndipo raha yake ilipo. Wenye spoti nyingine kama MR2, Fairlady Z, au zile Alfa kuukuu zinazolala chini ya makuti kwenye nyumba za Waitaliano, mengi yatawafaa. Mashimo ya maji tu ndiyo yanayobadilika mahali.

Kwanza, kalenda

Sahau kidogo stika ya sevisi pale kwenye kioo. Wenye majahazi hapa hawahesabu maili. Chombo hupandishwa pwani kwa msimu, kikakwanguliwa, makalafati wakatia pamba kwenye nyufa, chini kikapakwa shahamu, juu sifa, yaani mafuta ya papa. Gari la pwani nalo ni chombo. Mimi kazi kubwa huifanya wakati wa tanga mbili, pepo za msimu zikibadilishana: Machi, kabla ya masika na kusi, halafu tena Oktoba au Novemba, kusi ikishalala. Ile ya Machi usiiruke. Kuanzia Juni kusi inavuma kwa nguvu kutoka baharini, na ukipaki barabara ya Casuarina asubuhi, saa sita kioo kina ukungu wa chumvi unaoweza kuandikia jina.

Hatua ya 1: Fungua njia za maji

Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoumia.

Mvua ikinyesha kwenye turubai, maji huteremka nyuma ya viti, yakakusanywa na mfereji wa plastiki, kisha hushuka kwenye mirija miwili, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani ya mwarobaini, mchanga na vumbi la njia ya Marafa vikiziba mrija, maji hurudi juu. Mengine yanaingia chumbani ukayasikia kwa harufu ya zulia. Yaliyobaki yanashuka ndani ya kizingiti cha mlango, ile boksi ya bati unayoikanyaga ukiingia, na humo, vitundu vya chini vikiwa vimezibwa, hayana pa kutokea. Bati linaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imefura kama ngozi iliyoungua, huko ndani kazi imekwisha kitambo.

Fanya hivi. Fungua turubai nusu. Tia mkono nyuma ya mkanda wa abiria mpaka ulipate shimo kwa kidole. Mimina maji nusu lita polepole huku mtoto amechuchumaa nyuma akitazama chini. Maji yatoke upesi na yawe mengi kama uliyomimina. Yakidondoka tone tone, pitisha mrija laini wa plastiki, ule wa tangi la samaki au wa fundi bomba, ukizungusha taratibu. Waya usitumie! Waya hutoboa mrija, nawe utakuwa umejitengenezea bomba la kumwagia maji ndani ya kizingiti.

Ukishamaliza, lala chini utazame upande wa chini wa vizingiti. Kuna vitundu vya kutolea maji. Mafundi wa kupiga rangi wanapenda kuvifunga kwa pati, ule uji mzito wa kuzibia bati, wakidhani ni kasoro. Vizibue.

Hatua ya 2: Osha chini, na kwa maji matamu

Gari letu linaoshwa juu kila siku na chini halioshwi hata mara moja. Ni kinyume chake ndiyo dawa. Mara moja kwa wiki wakati wa kusi, mpira wa maji uingie ndani ya mapango ya matairi, juu ya mikono ya sispenshoni, na kwenye zile reli mbili za chesisi za mbele zinazobeba injini. Reli za kizazi hiki zina bati mbili mbili, na kati yake ndimo kutu inamoanzia.

Lakini ni maji gani? Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Ukioshea gari ni sawa na kulichovya baharini kwa kulipia. Weka tone kwenye kioo, liache likauke juani. Likiacha duara jeupe, hayo ya kumwagia maua, na labda hata maua hayatashukuru. Tumia ya bomba yanayotoka Baricho, au ya mvua uliyokinga. Breki zikiwa za moto subiri zipoe kwanza, na baada ya kuosha zunguka mtaa mara moja ukikanyaga breki kidogokidogo ili diski zikauke.

Hatua ya 3: Kukwangua na kupaka

Pandisha gari kwenye stendi nne, sio jeki. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Kutu ya juujuu kwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, paka dawa ya asidi ya fosfori inayogeuza kutu kuwa nyeusi, kisha praima ya zinki, kisha rangi nyeusi ya chesisi. Ndani ya vizingiti na reli, ambako brashi haifiki, pulizia nta ya chesisi kwa mpira mrefu wenye ncha.

Mafundi wa jua kali watakuambia upulizie oili chafu ya injini. Nimewahi. Ni rahisi na inazuia, siwezi kukataa, ila inalainisha bushi za mpira, inadondokea mchanga wa jirani, na vumbi likishikana nayo inakuwa uji unaohifadhi unyevu. Nta ni ghali lakini nilipaka Machi, Novemba bado ipo.

Sehemu iliyotoboka usiipige pati. Kata, chomelea bati jipya, paka. Mwenye kukuuzia gari lenye pati kwenye kizingiti amekuuzia biskuti.

Hatua ya 4: Breki

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu unaijua. Kitabu kinasema miaka miwili. Mimi hubadilisha kila mwaka, natia ya daraja la DOT 4. Yakiwa rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kalipa za nyuma, zile zinazobana diski, ndizo zinazoshika kwa sababu zimebeba mtambo wa hendibreki. Zifungue, safisha pini, paka grisi ya silikoni ya breki, si ile ya beringi. Ukiliacha gari zaidi ya wiki, hendibreki iwe chini, tia gia ya kwanza na jiwe nyuma ya tairi.

Hatua ya 5: Mafuta na maji ya injini

Hii fupi. Oili na filta kila kilomita 5,000 au miezi sita, kipi kitangulie. Oili ya giaboksi iwe 75W-90 ya daraja la GL-4, ya difu (gia za ekseli ya nyuma) GL-5. Mkanda wa taiming kila kilomita 100,000, na usiubadilishe bila pampu ya maji. Ukinunua gari halina rekodi, hesabu kwamba haujabadilishwa. Rejeta: tazama tangi la plastiki la juu. Likiwa jeusi ni zima, likigeuka kahawia limeanza kukauka, litapasuka, tena litapasukia foleni ya Mtwapa. Kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) ichanganywe na maji yaliyochujwa ya betri, kamwe si ya kisima.

Betri ya gari hili iko buti, na ya asili ina vijirija vya kutolea mvuke nje. Wengi hapa tumetia ya kawaida, mvuke wa asidi ukala sakafu ya buti. Hata yangu ina alama hiyo.

Hatua ya 6: Matairi na matuta

Tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye joto letu, tairi la miaka saba hata kama lina meno kama mamba, litoe. Upepo ni 26 psi, gari jepesi. Kijana wa petroli stesheni atatia 35 kwa mkono mzuri kabisa. Mshukuru, kisha toa.

Kwenye tuta, piga breki mapema kisha uachilie kabla ya tairi la mbele kupanda. Wanaokwaruza huwa bado wamekanyaga breki, pua imeinama, bampa inakuwa koleo.

Hatua ya 7: Pa kulaza

Banda la makuti lililo wazi pande zote ni bora kuliko kava ya nailoni iliyobana. Kava inafungia unyevu na chumvi pamoja, kama kufuga nyoka mfukoni. Usipaki chini ya mkorosho, utomvu wake hautoki. Chini ya mnazi sina haja ya kueleza.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

*Kutoka Watamu: Mwalimu, nataka kuishusha inchi mbili, inapendeza. Kuna ubaya?*

Kaka, inapendeza kweli, hasa ikiwa imesimama. Kutoka Gede hadi kwako hesabu matuta uniambie. Ukitaka lazima, tafuta shokamzoba na springi zilizotengenezwa pamoja, shusha inchi moja, kisha gari lipigwe alainimenti, matairi yakae sawa, siku hiyo hiyo. Kukata springi kwa moto, hapana.

*Kutoka Lamu: Asalaam aleikum. Mimi naishi kisiwani, gari litakaa Mokowe. Naweza kuliacha miezi miwili?*

Waaleikum salaam sheikh. Wewe una bahati mbaya ya kupenda magari katika mji wa punda. Lami sasa inakufikisha, tatizo ni kukaa karibu na maji. Lisilale gatini, tafuta mtu mwenye banda mbali na mikoko. Jaza tangi la petroli mpaka juu ili unyevu usipate nafasi, toa waya hasi wa betri, ongeza upepo wa tairi hadi 36, hendibreki chini, na funga mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kuzuia panya. Usisahau kukitoa. Kila wiki mbili mtu aliendeshe nusu saa. Kuliwasha dakika tano na kulizima kunaingiza maji kwenye ekzosi na oili.

*Dada wa hapa Malindi: Yangu ni Impreza WRX, ya turbo. Mafundi wanabishana kama niache injini ikinguruma kabla ya kuzima.*

Dada, ukitoka Mombasa kwa kasi, kilomita mbili tatu za mwisho ingia mjini polepole, turbo itapoa yenyewe. Ukilazimika kusimama ghafla, dakika moja inatosha. La muhimu zaidi kwako ni oili: pima kila ukijaza mafuta, hizo hunywa. Na hilo shimo la hewa juu ya boneti linaingiza chumvi moja kwa moja kwenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo. Suuza kwa maji matamu yasiyo na presha kubwa.

*Kutoka Kilifi: Nimeona kizazi cha kwanza cha 1995 kinauzwa Japani kwa bei ya kutupa. Niagize?*

Hakitaingia. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ya zamani utaipata tu iliyoingia zamani. Ukitaka kuagiza, tazama kizazi cha nne kilichoanza 2015, ile iliyo ndani ya miaka minane, na ujue ushuru kabla ya kutuma hata shilingi. Ukinunua ya hapa nchini, nenda na bisibisi, na muombe mwenyewe ruhusa kabla ya kudunga.

*Kutoka Mambrui: Maji yakitoka kule ufuoni mchanga unakuwa mgumu kama lami. Naweza kuteremka nalo kupiga picha machweo?*

Usithubutu. Chini pana inchi tano tu, na ule mchanga mgumu una maji ya bahari ndani yake. Tairi linayarusha kila pango nililokutajia hapo juu. Picha piga barabarani, bahari ikae nyuma.

*Mambrui tena: Mwalimu, nilishateremka Jumamosi.*

Basi acha kusoma, chukua mpira wa maji. Anza na breki za nyuma.